Bosi analipa faini, kijana wa marejesho anaenda gereza la Butimba: probesheni na adhabu ya chini kwenye kesi za kausha damu

Haya, shikamooni wakubwa, wengine habari za mchana. Naona mama zangu wa dagaa mmekaa mbele, wasaidizi wa kisheria mpo huku pembeni, vijana wa bodaboda wako mlangoni wanachungulia pikipiki zao. Mada niliyopewa ina jina refu ila mwisho wa siku ni swali moja tu, kijana wako akikamatwa kwenye kesi ya kukopesha bila leseni, anaweza kurudi nyumbani kwa probesheni, yani chini ya uangalizi, au lazima afungwe?

Kausha damu, mkopeshaji wa riba ya kunyonya, sihitaji kumtambulisha hapa Kirumba, Mwanza. Dagaa wanavuliwa gizani, mbalamwezi ikitoka mitumbwi inatulia, soko la Mwaloni linapoa, lakini ada ya mtoto haijui mbalamwezi wala giza. Ndo hapo mtu anachukua laki mbili, mwezi ukiisha anarudisha laki mbili na sitini, akichelewa sitini nayo inaanza kuzaa. Sasa piga hesabu ya halali. Benki Kuu imesema wakopeshaji wa daraja la pili, yani wanaokopesha bila kupokea amana za watu, wasizidishe riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi, yani kwenye laki mbili riba ni elfu saba. Elfu saba mama, sio sitini! Na yule wa sitini mara nyingi leseni hana, alafu karatasi uliyosaini kwake haiitwi mkataba wa mkopo, inaitwa mkataba wa mauziano, eti umemuuzia friji yako, kwaiyo akija kuibeba anasema anachukua mali yake.

Sheria inayomhusu huyo ni Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, ilianza kazi Novemba 2019. Ukifanya biashara ya kukopesha bila leseni faini inaanzia shilingi milioni 20, kifungo kinaanzia miaka miwili, na hakimu anaweza kukupa vyote viwili. Zingatieni hilo neno la kuanzia, maana hapo ndo kesi nzima inapogeukia. Makosa mengi kwenye Kanuni ya Adhabu yanawekewa dari tu, kwamba kifungo kisizidi miaka kadhaa, chini ya dari hakimu ana uhuru wake, anaangalia umri, kosa la kwanza au la, kakiri au kasumbua. Hapa wamejenga na sakafu, yani adhabu ya chini.

Sababu yao naielewa. Mtaji wa chini wa kuomba leseni ya daraja la pili, kwa kanuni za 2019, ni hiyohiyo milioni 20, sasa kama faini ingekuwa laki tano nani angehangaika na leseni? Mtu analipa laki tano asubuhi, mchana anarudi ofisini. Na huku mtandaoni ndo usiseme, Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha bila kibali, yale ya ukichelewa siku mbili picha yako inatumwa kwa watu wote uliowasevu kwenye simu, mpaka kwa mchungaji. Kwaiyo ukali una maana yake, sibishi.

Ubishi wangu ni nani anayeangukiwa na hiyo sakafu.

Tuseme ofisi ipo Igoma, chumba kimoja, meza, daftari. Mwenye hela haonekani, yupo na biashara zake zingine. Anayeonekana ni kijana wa marejesho, miaka kumi na tisa au ishirini, analipwa kamisheni, kazi yake ni kuzunguka na daftari kudai rejesho la wiki, ndo anapiga simu, ndo anabeba friji. Polisi wakija wanamkuta yeye na daftari lina mwandiko wake. Na kifungu cha 22 cha Kanuni ya Adhabu kinasema anayesaidia kosa anahesabika kalitenda, kwaiyo anasomewa shitaka lilelile la bosi. Akitiwa hatiani hakimu anaangalia juu anaona dari, chini anaona sakafu ya milioni 20 au miaka miwili. Bosi akikamatwa milioni 20 anauza gari analipa, anaudhika, anaendelea na maisha. Kijana milioni 20 hajawahi kuziona hata kwenye ndoto, kwake ile faini ni kifungo tu kilichovaa shati lingine. Sheria ukiisoma ni sawa kwa wote, ila mlango wa Butimba unamfungukia mmoja.

Sasa tuje kwenye probesheni yenyewe, na hapa wasaidizi wa kisheria fungueni masikio. Probesheni sio kusamehewa. Mahakama inakutia hatiani, ila badala ya kukufunga inakuweka chini ya uangalizi wa afisa probesheni kwa muda na masharti, ukivunja unarudishwa kupewa adhabu yako. Ndugu yake ni kifungu cha 38 cha Kanuni ya Adhabu, kuachiwa kwa sharti la kutotenda kosa lingine kwa muda usiozidi miezi 12. Kifungu hicho kina kizuizi, hakitumiki kwa kosa ambalo adhabu yake imewekwa moja kwa moja na sheria, na ukiwa unaomba probesheni tegemea kukutana na hoja hiyohiyo. Je, milioni 20 kwenda juu, au miaka miwili kwenda juu, ni adhabu iliyowekwa moja kwa moja? Mimi nasema hapana. Iliyowekwa moja kwa moja ni ile ambayo hakimu hana cha kuchagua, huku anachagua kati ya faini na jela na anachagua kiasi. Ila mwendesha mashitaka atasimama aseme Bunge likiweka sakafu halikukusudia mtu apite chini yake kwa mlango wa probesheni, na mahakimu wengi wakisikia hoja hiyo wanaona salama yao ni kufunga. Historia yetu nayo inawasukuma huko. 1963 tulitunga sheria ya adhabu za chini, wizi wa mifugo ukiwemo, na wazee wa Usukumani wanaikumbuka, miaka miwili na viboko 24, kumi na mbili siku ya kuingia gerezani na kumi na mbili siku ya kutoka. Ikaja kubadilishwa 1972 lakini ile roho ya hakimu kufungwa mikono bado tunayo.

Wenzetu Singapore wameandika waziwazi na mimi nawapongeza kwa hilo tu. Kule kukopesha bila leseni faini inaanzia dola zao 30,000, kifungo hadi miaka minne na viboko hadi sita, maana vijana walikuwa wanalipwa kwenda kumwaga rangi kwenye milango ya wadaiwa. Na sheria yao ya probesheni inasema kosa likiwa na adhabu ya chini, hata kama hiyo ya chini ni faini, mtu mzima probesheni hapati. Ila wameacha dirisha, mwenye miaka 16 mpaka chini ya 21, ambaye hajawahi kutiwa hatiani kwa kosa la namna hiyo, mahakama inaweza kumpa. Viboko vyao wabaki navyo. Hilo dirisha ndo nalitamani, maana kijana wetu wa Igoma angepita hapo bila mawakili kubishana.

Wakati tunalisubiri, ipo Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002 ambayo naona inasahaulika sana. Inamruhusu hakimu kumpa mtu kazi za jamii badala ya gereza kama kosa adhabu yake haizidi miaka mitatu, au hata kama inazidi ila yeye hakimu ameona kifungo kinachofaa ni miaka mitatu kushuka chini. Miaka miwili iko ndani ya mitatu. Kwaiyo hapa hatuombi kushuka chini ya sakafu, tunasimama juu ya sakafu yenyewe alafu tunaomba ile miaka miwili itumikiwe kwa kufagia zahanati. Kama mnatetea hawa vijana hoja hii iwe mfukoni, ya probesheni ikigoma mnahamia huku.

Ehe, mama mwenye kitenge cha kijani, uliza. Anasema mtoto wa dada yake kesi imeshafika hukumu wiki ijayo, na kuna mtu anamdai hela amtafutie ripoti ya probesheni.

Usitoe hata mia dada yangu. Ripoti ya afisa probesheni ni kazi ya serikali, mahakama ndo inaiagiza, anakuja mpaka mtaani anaongea na mwenyekiti, majirani, alikosoma. Kinachotakiwa ni mtoto au wakili wake aiombe pale anapopewa nafasi ya kujitetea kuhusu adhabu, kabla hakimu hajaitamka. Kama umri una utata beba cheti cha kuzaliwa, akiwa chini ya 18 Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kabisa kumfunga. Majina ya mwenye ofisi na namba za simu ambazo kijana alikuwa anazitumia kumpelekea hela za marejesho viwepo, ili ionekane hela ilikuwa inaenda kwa nani. Na ikitokea wamemfunga, notisi ya kukata rufaa iingie ndani ya siku 10, rufaa yenyewe siku 45, msije kunitafuta miezi mitatu baadaye.