Kutoka njia ya nyumbu hadi matuta ya Ahero

Hamjambo watazamaji wangu wa Kisumu, Ahero, Muhoroni na kote mliko. Leo nazungumza nanyi nikiwa kando ya mfereji wa zamani katika jimbo la Maryland, Marekani, na kabla sijasema lolote naomba mtazame kona ya ukuta huu wa mawe. Mitaro hii myembamba mnayoiona si nyufa. Mashua za mizigo zilivutwa hapa na nyumbu, nami nasema nyumbu mtoto wa punda na farasi, si yule wa Maasai Mara, na kamba zao zikalisugua jiwe miaka nenda miaka rudi hadi leo kidole changu kinazama ndani.

Mfereji huu unaitwa Chesapeake and Ohio. Ulianza kuchimbwa tarehe 4 Julai 1828 kwa nia ya kuufikia Mto Ohio, lakini ulipofika mji wa Cumberland mwaka 1850 ulikuta reli imetangulia kwa miaka 8, ukakomea hapo hapo. Urefu wake ni takriban kilomita 297 kutoka Washington, na una malango 74 ya kupandishia na kushushia mashua. Mafuriko ya mwaka 1924 yaliumaliza kibiashara. Mwaka 1954, palipokuwa na mpango wa kupitisha barabara ya magari juu yake, jaji wa Mahakama ya Juu, William O. Douglas, aliwaalika wahariri wa gazeti la Washington Post, waliokuwa wameunga mkono mpango huo, watembee naye kwa miguu wauone mfereji wenyewe. Barabara haikujengwa, na mwaka 1971 mahali hapa pakawa hifadhi ya taifa, ambapo ile njia ya nyumbu sasa hupitiwa na waendesha baiskeli.

Mimi hutumia wikendi zangu kurekebisha ramani ya njia hii kwenye OpenStreetMap, ramani huria ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri, na ambayo vijana wa Kibera waliitumia kuuchora mtaa wao mwaka 2009. Kuchora mstari ni kazi nyepesi, kwa kuwa ukiendesha baiskeli simu inauchora yenyewe, isipokuwa kwenye handaki la Paw Paw, lenye urefu wa takriban mita 950, ambamo setilaiti hazionekani. Mle unashuka, unakokota baiskeli kwa tochi, na ukitoka unakuta simu imekuchora ukipaa juu ya mlima.

Kazi ngumu ni yale mambo ambayo mwendesha baiskeli atayahitaji akiwa amechoka: upana wa njia, kama ni changarawe au udongo unaonata, na maji ya kunywa yako wapi. Hapo ndipo nilipoumbuka. Nilipita mwanzoni mwa majira ya kuchipua, nikakuta pampu ya mkono haina mpini, nikaandika kwamba imeharibika. Mwendesha baiskeli mmoja wa makamo alinirekebisha kwa upole: mipini huondolewa msimu wa baridi na kurudishwa hali ya hewa ikitengemaa. Pampu ilikuwa nzima kabisa. Aliyekosea msimu ni mimi. Tangu siku hiyo kila ninachokiandika nakiwekea mwezi.

Sasa mtaniuliza haya yanatuhusu nini sisi wa tambarare za Kano, huko kwetu Kisumu. Pale Ahero tuna mifereji ya umwagiliaji tangu miaka ya 1960, inayopata maji yaliyopampiwa kutoka Mto Nyando, na kando ya mifereji kuna matuta ambayo watu wetu wameyapita kwa baiskeli kabla neno utalii halijafika huko. Desemba nilimwomba binamu yangu apite asubuhi moja na simu mfukoni. Alichonitumia kilinifurahisha kuliko njia hii yangu ya mawe: korongo wamejipanga kwenye majaruba, watoto wanavua kambare, na mzee mmoja ana gunia la mpunga kwenye baiskeli yake ya Black Mamba, akimpisha mwenzake bila hata mmoja wao kushuka.

Kutoka Kisumu mjini hadi Ahero ni kama kilomita 25 za tambarare, safari ya asubuhi kwa mtu wa kawaida. Hata hivyo, mimi sipendelei tuichore haraka kisha tuwaalike watu wa mjini. Tuta la Ahero ni mahali pa kazi. Kipande ambacho binamu alikipita Desemba huenda kisipitike Aprili Nyando ikifurika, na kwingine ni uwanja wa watu wa kuanikia mpunga, ambapo gurudumu la mgeni likipita ni hasara ya mtu. Ramani yetu ianze na hayo, na wenye mashamba waulizwe kabla ya mstari wa kwanza kuchorwa.

Kwa hiyo nawaomba mlio karibu: pitieni kipande kimoja tu, kipimeni upana kwa hatua, mniandikie ni mwezi gani, na kama lile daraja la mbao ambalo binamu alilivuka akiwa amebeba baiskeli begani linaweza kumhimili mtu aliyeipanda.