Mawe ya Shinkolobwe na Mhandisi Wake

Ndugu zangu, leo nawaletea Edgar Sengier, Mbelgiji mzaliwa wa Kortrijk, 1879, aliyesomea uhandisi wa madini Leuven. Mwaka 1911 aliingia Union Minière, kampuni iliyohodhi shaba ya Katanga, jimbo la Kongo iliyotawaliwa na Wabelgiji, akapanda hadi akawa mkubwa wake.

Huko Katanga kuna mgodi wa Shinkolobwe. Mawe yake ni meusi na mazito kupita kiasi. Wabelgiji walitaka radiamu tu iliyomo ndani, madini adimu ya kutibia saratani. Urani ilikuwa makapi, haina mnunuzi wa maana zaidi ya watia rangi vyombo vya udongo. Mwaka 1937 mgodi ukafungwa, maji yakaujaa.

Mei 1939, jijini London, mwanasayansi Henry Tizard akamwonya Sengier: urani hiyo, iwezayo kuundia bomu, ikiangukia kwa adui, ni balaa. Mwingine angecheka. Yeye alihamia New York, na mwaka 1940 akaagiza zaidi ya tani 1,100 za mawe hayo zivushwe bahari. Zikawekwa ghalani Staten Island, ndani ya mapipa ya chuma. Akawadokeza wakubwa wa Marekani, wakampuuza. Septemba 1942 ndipo Kanali Kenneth Nichols wa jeshi la Marekani, aliyesaka urani ya bomu la atomiki, alipobisha hodi. Mzee, mkavu kama kawaida yake, akauliza kwanza: umekuja kupiga soga au kufanya biashara? Nusu saa haikuisha, kanali akatoka na karatasi ya njano yenye mapatano yao, yameandikwa kwa mkono.

Wasimulizi wengi huishia hapo, makofi yakapigwa. Mimi nawarudisha Katanga. Desemba 1941, Sengier akiwa New York, wachimbaji wa kampuni hiyohiyo waligoma wakidai nyongeza ya mshahara. Pale Elisabethville, Lubumbashi ya leo, walikusanyika uwanja wa mpira, askari wakawamiminia risasi. Léonard Mpoyi, karani aliyewasemea, aliuawa palepale, na makumi pamoja naye. Na lugha iliyowaunganisha watu wa kambi zile, waliotoka makabila mbalimbali, ilikuwa Kiswahili, hikihiki ninachowasemesha.

Shinkolobwe ikafunguliwa tena. Watu wakachambua mawe kwa mikono, wakajaza magunia. Mwaka 1945 ikaja Hiroshima, jiji la Japani lililopigwa kwa bomu la urani. Mwaka uliofuata Marekani ikamvisha Sengier nishani, na baadaye madini ya kijani kutoka Katanga yakaitwa sengieriti.

Mgodi ulizibwa kwa zege kabla ya uhuru wa 1960. Watu wakarudi na sururu zao kutafuta kobalti, na mwaka 2004 sehemu yake ikawaporomokea.