Nunua Miguu Kabla ya Macho: mhadhara kuhusu maunti ya kwanza ya kupigia picha za nyota

Asanteni. Walio nyuma wasogee mbele, tafadhali, viti havina mwenyewe. Nimeombwa nizungumzie maunti ya bei nafuu ya kufuatilia nyota, yaani kile kifaa kinachobeba kamera au darubini na kuizungusha ifuate nyota, kwa anayeanza. Wengine mmeshanisikia kwenye jambo hili hadi mmechoka, na najua pale kwenye kona kuna anayehesabu nitataja neno "uzito" mara ngapi. Hesabu tu, ndugu yangu, hata vidole vya miguu utavitumia.

Ujumbe ninaoupata kila mara ni wa aina moja. Mtu anaandika: nimenunua darubini, kioo chake kipana kama sinia, imebaki hela kidogo, nichukue maunti gani? Hapo huweka simu chini nikavuta pumzi, maana pesa imeshatoka kinyumenyume. Kwa anayetazama kwa jicho, sawa, darubini itangulie. Anayepiga picha anaanza na maunti, na kinachobaki ndicho kinunue kingine.

Yalinikuta mimi mwenyewe, kwa hiyo sisemi kwa kejeli. Darubini yangu ya kwanza ya picha ilikuwa na urefu wa fokasi, yaani kipimo cha jinsi inavyovuta vitu karibu, wa milimita 1000. Niliipachika juu ya maunti nyepesi, tangazo lake lilisema inabeba kilo 5. Nilipima kila kitu kwenye mizani: darubini, kamera, vishikio, jumla kilo 4.8. Nikajisifu. Si zimebaki gramu 200? Usiku wa kwanza nikaelekeza kwenye Nebula ya Orion, lile wingu la gesi kwenye kundinyota la Orion. Picha ya kwanza, nyota zimekuwa vistari. Ya pili, vistari vimepinda. Nikakaza skrubu zote. Nikafupisha miguu ya tripodi. Nikabana pumzi kila shata ilipofunguka, kweli kabisa, nilisimama gizani nimebana pumzi kama mtoto aliyejificha uvunguni. Ukapita upepo mdogo, na kila nyota ikawa mbili. Nilipiga picha 112 usiku ule, nikabakiwa na 3.

Miezi minne nililaumu kamera, nikalaumu unyevu, nikalaumu mawingu ambayo hayakuwepo. Siku moja, kwa hasira tu, nikatoa darubini na kuweka lenzi ya milimita 50, ile ya kupigia picha za harusi, juu ya maunti ileile. Nikaielekeza Orion, kundinyota zima. Picha 40, safi 38. Maunti ilikuwa ileile, na mpumbavu aliyeitumia alikuwa yuleyule.

Kwa nini? Hesabu yake ni ya darasani. Dunia inajizungusha mara moja, ukilinganisha na nyota, kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Kwa hiyo anga linateleza takriban sekunde 15 za tao kila sekunde moja ya saa. Na sekunde ya tao ni digrii ukiigawa mara 3600. Sasa chukua kamera yenye pikseli za mikroni 4. Zidisha 4 kwa 206, namba ya kubadili vipimo kuwa sekunde za tao, kisha gawanya kwa urefu wa fokasi. Kwenye milimita 50, pikseli moja inafunika sekunde za tao 16 na nusu hivi. Kwenye milimita 400 inafunika 2 tu. Tuseme gia ya maunti yako inayumba sekunde 30 za tao, kwenda na kurudi. Usikimbilie kudai urudishiwe pesa. Parafujo inayosukuma gia huwa haichongwi ikanyooka kabisa, kila moja ina mapindi yake. Kwenye lenzi ya 50, kuyumba huko ni pikseli 2, hakuna atakayeona. Kwenye 400 ni pikseli 15, na nyota yako imeshakuwa mnyoo. Halafu parafujo ya gurudumu la meno 144 inazunguka mara moja kwa dakika 10 hivi. Ukifungua shata kwa dakika moja unachukua kipande tu cha kuyumba huko. Ndiyo maana nawaambia wanaoanza wapige picha fupi nyingi kisha wazirundike kwa programu kama Siril au DeepSkyStacker, zote za bure. Haba na haba hujaza kibaba.

Najua kuna anayetaka kusema, "Lakini mwalimu, si kuna kamera ya mwongozo inayorekebisha?" Ipo. Inaangalia nyota moja na kuiambia mota iongeze au ipunguze mwendo. Lakini maunti nyingi ndogo za kufuatilia zina mota kwenye mhimili mmoja, kwa hiyo marekebisho yanakwenda mashariki na magharibi tu. Na sijaona kamera ya mwongozo iliyokaza mguu wa tripodi unaolegea.

Mwingine atasema atumie tripodi tupu na ile kanuni ya 500: gawa 500 kwa urefu wa fokasi wa lenzi, upate sekunde za kuacha shata wazi. Milimita 50, sekunde 10. Katika sekunde hizo 10, kwenye kamera yetu ileile, nyota ya karibu na ikweta ya anga, ule mstari ulio juu ya ikweta ya Dunia, inapita pikseli 9. Kwenye kioo cha simu itapendeza. Ikuze uone.

Basi, uzito. (Moja.) Namba ya kwenye tangazo igawe kwa mbili, hiyo ndiyo ya picha. Star Adventurer 2i ya Sky-Watcher na SkyGuider Pro ya iOptron zote zimeandikwa kilo 5. Mimi nazihesabu kuwa za kilo 2 na nusu, na lenzi isiyozidi milimita 200 kwa mwaka wa kwanza. Usicheke milimita 200. Galaksi ya Andromeda ina upana wa digrii 3 hivi, mara sita ya mwezi mpevu. Kilimia kinaenea vizuri kabisa, na nafasi inabaki. Star Adventurer GTi nayo imeandikwa kilo 5, ila ina mota mbili na inatafuta vitu yenyewe. Nzuri kwa asiye na subira. Ukitaka darubini ya kweli, subiri upate kitu cha daraja la HEQ5, maunti kubwa na nzito ya Sky-Watcher, na uanze kufanya mazoezi ya mgongo.

Na asiye na pesa kabisa? Mbao mbili na bawaba. George Haig alichora kifaa hicho miaka ya 1970. Kamera inakaa kwenye ubao wa juu, na bolti inausukuma ubao huo. Bolti ya M6, yenye unene wa milimita 6, inapanda milimita 1 kila mzunguko. Iweke milimita 229 kutoka kwenye bawaba, izungushe mara moja kwa dakika, na umeshapata mwendo wa nyota. Bolti iliyonyooka huanza kupotea ikizidi dakika kadhaa, basi unairudisha mwanzo. Ningependa kukaa hapa saa nzima, lakini naona mwenyekiti anagusa saa yake.

Haraka haraka basi. Maunti inayopanda juu na kuzunguka pembeni tu, hata ikiwa na mota na kompyuta, itakuachia picha inayojizungusha kwenye pembe. Unahitaji mhimili unaoelekea ncha ya anga, pale ambapo anga lote huonekana kuzunguka. Kaskazini, nyota ya Jaa iko chini ya digrii moja kutoka kwenye ncha, raha mustarehe. Kusini kuna nyota ya Sigma Octantis, hafifu, leta subira. Walio karibu na ikweta, Jaa kwenu imelala kwenye upeo wa macho au haionekani kabisa, kwa hiyo jifunzeni kuelekeza mhimili kwenye ncha kwa kuangalia nyota inavyoteleza. Na kabla ya kununua, hakikisheni maunti inashuka hadi latitudo yenu bila uzito wa kusawazisha kugonga mguu wa tripodi. Jambo hili watu huligundua usiku wa kwanza, kwa sauti.

Maunti iliyotumika: shika mhimili, utikise. Ukisikia umelegea na kuchezacheza, rudisha. Zile mpya zisizohitaji uzito wa kusawazisha nilitaka kuzisemea, ila ni ghali na leo tumekuja kwa ajili ya nafuu.

Naam, dada pale, umeinua mkono tangu nianze. Kama swali ni la megapikseli, ushushe tu.