Karani Amesimama Wapi?

Wenye maghala na wasimamizi wa Viwandani na Embakasi, mfanyakazi akigongwa na foklifti, ile mashine ya kuinua mizigo kwa meno yake ya mbele, swali huwa lile lile: dereva alikuwa anatazama wapi? Mimi nauliza jingine. Aliyegongwa, alikuwa na njia yake ya kupita?

Foklifti si pikapu. Gari la kawaida hukata kona kwa magurudumu ya mbele. Foklifti hukata kwa ya nyuma. Dereva akipinda kushoto, mkia unatupwa kulia, tena upesi. Na huko mkiani ndiko kulikofungwa chuma kizito cha kusawazisha mzigo. Foklifti ya kubeba tani 2.5 yenyewe ina uzito wa takriban tani 4. Sasa msimamisheni karani pembeni mwa rundo la magunia ya mahindi, daftari mkononi, njia ameipa mgongo. Dereva yuko macho kwenye meno yanayoingia chini ya paleti, lile jukwaa la kupangia mzigo, kama apaswavyo. Mkia unamfikia karani, unambana kwenye magunia. Uzembe wa nani hapo? Aliyempanga asimame pale yuko ofisini!

Mtasema nafasi ni finyu na kodi ya godauni Nairobi ni ghali. Nakubali. Lakini kopo la rangi ya manjano mnalimudu. Choreni njia ya miguu, wekeni vizuizi vya chuma konani, wapagazi wakae nje mpaka foklifti imalize kupakua lori. Wala msiniambie koti la kung'aa linatosha. Aliye nyuma ya rundo haonekani hata avae nini.

Na mashine ikianza kupinduka, dereva asiruke. Mkanda uwe umefungwa, ashike usukani kwa nguvu, aegemee upande ambao mashine haiangukii. Wanaoruka ndio wanaoangukiwa na lile paa la chuma la juu ya kiti cha dereva.

Muda unayoyoma na trekta sijaligusa. Basi kwa haraka: asipande mtu zaidi ya dereva, na ile shafti ya nyuma, mhimili unaoendesha zana zinazofungwa kwenye trekta, ifunikwe. Inazunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kila sekunde. Ikinasa leso, hakuna wa kuwahi kuzima injini.

Mengine yamo katika Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007. Mtu akifa kazini, afisa wa usalama apewe taarifa ndani ya saa 24, hata kama familia mmeshaelewana nayo. Haya, maswali. Dada wa pale nyuma, tuanze na wewe.