Mjini Hilo: ngoma ya hula, na gimbi la kuchovya kidole

Haya, mnanisikia? Hiyo ni mvua, msihangaike na simu zenu. Hapa mjini Hilo, visiwa vya Hawaii, mvua ni jambo la kila siku, hakuna hata anayekimbia. Kwangu ni Jumatano saa tatu usiku, kwenu Tanga imeshafika Alhamisi saa nne asubuhi. Mama, shikamoo. Najua unatazama huku unachambua mchele.

Nimetoka uwanjani sasa hivi. Hili ndilo tamasha la Merrie Monarch, la hula, ngoma ya asili ya Hawaii, linafanyika wiki ya baada ya Pasaka, na jina hilo ni la Mfalme Kalākaua aliyetawala Hawaii kuanzia 1874 hadi 1891. Mashindano yenyewe yanaanza kesho. Usiku wa leo ni maonyesho tu. Tu! Nimepanga foleni tangu mchana, miguu imevimba.

Sasa nisikilizeni. Mimi hula niliijua kwa picha za matangazo: msichana, sketi ya majani, kiuno, basi. Leo wameingia wanaume, wameshiba kifua, wanakanyaga chini mpaka benchi langu linatikisika. Hakuna gitaa. Mwalimu wao, wanamwita kumu, amekaa chini na vibuyu viwili vilivyounganishwa, anavigonga sakafuni, anavipiga kofi, huku anaghani. Wao wanajibu kwa mikono. Mkono ukipinda ni wimbi, ukipanda ni mlima. Kama hujui maneno, umeona nusu tu. Mimi nimeona nusu.

Mwaka 1830 Malkia Kaʻahumanu, akiwa ameshaingia Ukristo, alipiga marufuku hula hadharani. Watu wakaendelea kufundishana kichinichini. Kalākaua alipokuja akairudisha mbele za watu, wamisionari wakanuna. Ndiyo maana tamasha ni lake. Nikakumbuka ngoma zetu, zile tunazozitoa uwanja wa ndege mgeni mkubwa akishuka, kisha zinarudi stoo. Hawa wanafanya mazoezi miezi na miezi, na wengi waliojaa uwanjani ni bibi na wajukuu wa hapa hapa, wanaimba nao.

Chakula! Nilikuwa nimesahau. Nguruwe wa kufukiwa ardhini kwenye mawe ya moto amenukia vizuri, sisemi uongo, lakini mimi mtoto wa Bi Mwanaisha, nimempita. Nimekula samaki mbichi aliyekatwakatwa, na poi. Poi ni magimbi, mama! Yanachemshwa, yanapondwa kwa jiwe juu ya ubao, yanatiwa maji mpaka yanakuwa kama uji wa zambarau. Uzito wake wanaupima kwa vidole: nzito unaichota kwa kidole kimoja, nyepesi unahitaji vitatu. Ukiiacha siku mbili inachachuka, na wapo wanaoitaka hivyo. Kijiko cha kwanza nilikunja uso. Mzee wa jirani akacheka, akanisogezea samaki wa chumvi, akanionyesha nichanganye. Ikakubali.

Mchana kwenye maonyesho ya kazi za mikono niliuliza bei ya kile kibuyu cha kumu. Nikashukuru, nikakirudisha mezani taratibu kwa mikono miwili.

Bibi, ukienda shamba wiki hii, vile vibuyu vya nyuma ya kisima usivikate vyote. Nibakizie viwili, kimoja kikubwa kimoja kidogo.