Kalamu ya notari: mahakama za Kanisa na kesi ya Jeanne d'Arc

Tumsifu Yesu Kristo. Karibuni jamani, mliosimama mlangoni ingieni, viti vipo huku mbele. Naona kuna makatekista, kuna wanafunzi wa sheria na wazee wetu wa parokia, kwa hiyo ntajitahidi niongee tuelewane wote.

Ukitaja mahakama ya Kanisa wengi wanawaza ndoa tu, fulani kaomba ndoa yake itangazwe batili, au wanawaza zile habari za watu kuchomwa moto Ulaya. Yote yapo. Ila mimi kazi yangu ni notari kwenye mahakama ya ndoa, nakaa pembeni naandika wanachosema watu, na kadiri ninavyosoma historia ya hizi sheria ndo naamini kabisa kwamba kwenye kesi, anayemlinda mnyonge mara nyingi ni yule anayeandika, hata kuliko wakili, na leo nawaletea ushahidi.

Tuanzie mwaka 1215, Papa Inosenti III kaitisha Mtaguso wa Nne wa Laterano pale Roma, yaani mkutano mkuu wa maaskofu. Kabla ya hapo sehemu nyingi za Ulaya mtu akishtakiwa na ushahidi hamna, anashikishwa chuma cha moto, mkono unafungwa kitambaa, baada ya siku tatu wanafungua waone kama kidonda kinapona au kinaoza, kikioza basi ana hatia, au anatumbukizwa kwenye maji, akizama hana kosa akielea ni mwongo, na padri yupo palepale anabariki hicho chuma na hayo maji. Mtaguso ukasema kwenye kanuni ya 18 padri asibariki tena mambo hayo. Sasa ukishaondoa chuma unabaki na nini? Unabaki na maneno ya watu, mashahidi, maswali na majibu. Wasomi wa Bologna kule Italia walishaanza kuyawekea utaratibu tangu Gratian alipokusanya sheria za Kanisa kwenye miaka ya 1140, waliomfuata wakachota sana kwa Warumi wa kale, na Kumbukumbu la Torati lenyewe linadai mashahidi wawili au watatu.

Alafu kuna kanuni ya 38. Hii watu hawaitaji sana na mimi ndo naipenda kuliko zote. Kwa maneno yangu inasema hivi: mtu asiye na hatia akikutana na jaji dhalimu, jaji akadai wewe ulisema hivi na hivi, yule mtu hana namna ya kuthibitisha kwamba hakusema, kwa sababu jambo ambalo halikutokea haliachi ushahidi. Kwa hiyo kila jaji awe na mwandishi wa umma, akikosekana basi watu wawili wanaofaa, waandike kila kitu, wito, maahirisho, mapingamizi, maswali, ushahidi, rufaa, hukumu, pamoja na mahali, muda na watu waliokuwepo. Wahusika wapewe nakala, ile asili ibaki kwa waandishi, ili ubishi ukitokea juu ya namna jaji alivyoendesha kesi ukweli utoke kwenye asili. Jamani huo ni mwaka 1215! Maaskofu wamekaa wakatunga sheria inayomshuku jaji, na majaji wenyewe ni wao.

Mtaguso huohuo kwenye kanuni ya 8 ulimruhusu jaji aanzishe uchunguzi mwenyewe bila kusubiri mshtaki, ila mtuhumiwa aelezwe tuhuma zake na aambiwe majina ya mashahidi na walichosema. Baadaye kwenye kesi za uzushi, yaani mtu kushikilia mafundisho yanayopinga imani ya Kanisa, majina yakaanza kufichwa, na hapo ndo mambo yalipoharibika.

Sasa twende Rouen, kaskazini mwa Ufaransa, mwaka 1431. Jeanne d'Arc, ndo huyu tunayemwita Mtakatifu Yoana wa Arki, binti wa miaka kama 19, hajui kusoma, ametoka kuongoza jeshi la mfalme wa Ufaransa dhidi ya Waingereza, akakamatwa Compiègne mwezi Mei 1430 na akauzwa kwa Waingereza. Askofu Pierre Cauchon wa Beauvais, mtu wa upande wa Waingereza, akasema amekamatwa ndani ya jimbo langu kwa hiyo kesi ni yangu, kosa ni uzushi. Binti anawekwa ndani ya ngome, amefungwa minyororo, walinzi ni askari wanaume wa Kiingereza, wakati alistahili gereza la Kanisa na kulindwa na wanawake. Wakili hana.

Notari mkuu alikuwa padri, Guillaume Manchon. Alikuwa na woga kama wengine wote pale, mwenyewe alikuja kusema. Lakini angalieni alivyofanya kazi. Vikao ni asubuhi, maswali yanatoka kwa watu wengi, huyu hajamaliza huyu kaanza, Manchon na mwenzake wanaandika kwa Kifaransa. Wakishakula mchana wanakaa wanalinganisha walichoandika, na pale wasipopatana Manchon anaweka alama, "nota", ili Jeanne aulizwe upya. Siku za mwanzo kulikuwa na waandishi wengine wamefichwa dirishani nyuma ya pazia, wao wanaandika yanayomkandamiza na kuyaruka anayojitetea nayo, mchana ikifika kulinganisha unazuka ugomvi mkubwa. Majaji wakamsemesha Manchon kwa Kilatini wakimtaka abadili maneno yawe na maana nyingine, akakataa.

Mwanasheria mmoja wa Normandy, Jean Lohier, alipita mjini, akaoneshwa kesi ilipofikia, akasema wazi kwamba haina nguvu, haifuati utaratibu wa kawaida, inaendeshwa ndani ya ngome ambako watu hawako huru kusema, na huyu binti wa watu hana wa kumshauri. Cauchon akakasirika. Lohier akaondoka Rouen, akaishia Roma kwenye Rota, mahakama ya rufaa ya Papa.

Tarehe 24 Februari wakamuuliza Jeanne kama anajua yumo katika neema ya Mungu. Ule ulikuwa mtego, akisema ndiyo anajipa uhakika ambao Kanisa linasema hakuna mtu anao, akisema hapana amejihukumu. Akajibu, kama simo Mungu anitie humo, na kama nimo Mungu anitunze humo. Mmoja wa manotari alikuja kusema waliokuwa wanamhoji walipigwa na butwaa. Leo tunalo hilo jibu kwa sababu kuna mtu aliliandika siku ileile.

Na kuna yasiyoandikwa. Mtawa mmoja aliyekuwepo alishuhudia baadaye kwamba Jeanne alipoomba mambo yake yapelekwe kwa Papa na kwenye Mtaguso wa Basel, Cauchon alikataza isiandikwe, na yule binti akalalamika kwamba mnaandika yaliyo kinyume changu, yaliyo upande wangu hamtaki. Hajui kusoma lakini alijua kabisa kwamba kwenye karatasi ndiko anakoporwa haki yake! Mi hapo huwa nashindwa kuendelea kusoma.

Majibu yake yote yakaja kufupishwa yakawa vipengele 12, vikapelekwa Chuo Kikuu cha Paris watoe maoni, yeye mwenyewe hakusomewa kwanza. Tarehe 24 Mei kwenye makaburi ya Saint-Ouen wakamtia hofu ya moto mpaka akakubali karatasi ya kutubu, waliokuwepo wanasema ilikuwa na mistari sita, saba, nane hivi, ila ile iliyowekwa kwenye faili la kesi ni ndefu kuliko hiyo mara kadhaa. Tarehe 30 Mei wakamchoma. Manchon akasema alilia mwezi mzima, na sehemu ya pesa aliyolipwa kwa kazi ya kesi alinunua misale ndogo, kitabu cha sala za Misa, awe anamwombea.

Waingereza wakaja kufukuzwa Rouen 1449, na uchunguzi ukaanza mwaka uliofuata. Mwaka 1455 Papa Kalisti III akaruhusu kesi ifunguliwe upya, tarehe 7 Novemba mama mzazi wa Jeanne, Isabelle, mwanamke mzee wa kijijini, akaingia kanisa la Notre-Dame pale Paris kudai haki ya mwanae aliyekufa. Wakahojiwa mashahidi kama 115, majirani wa kijijini, askari aliopigana nao, mapadri. Na mwezi Desemba Manchon, sasa mtu mzima, akaja na yale maandishi ya Kifaransa aliyoyatunza kwa mkono wake miaka 24, akayakabidhi. Majaji wakaweka asili pembeni ya vile vipengele 12, ikaonekana wazi palipopindishwa. Hukumu ikasomwa Rouen tarehe 7 Julai 1456, kesi ya kwanza imejaa hila na makosa, ni batili, haina nguvu yoyote, na vile vipengele vichanwe. Ndo kanuni ya 38 imefanya kazi kama ilivyoandikwa, asili kwa mwandishi, ukweli kutoka kwenye asili, ila mtu ameshakufa. Kanisa lilikuja kumtangaza mtakatifu mwaka 1920.

Tuje kwetu sasa maana muda unakwenda. Sheria ya Kanisa tunayotumia ni ya 1983, na Papa Fransisko mwaka 2015 alirahisisha kesi za ubatili wa ndoa, ile lazima ya kupata hukumu mbili zinazofanana iliyokuwepo tangu Papa Benedikto XIV mwaka 1741 ikaondolewa. Watu wengi wamenufaika na mimi nashukuru sana. Ila kanuni ya 1437 iko palepale, nyaraka ambayo notari hajasaini ni batili, hata jaji awe nani. Na kanuni ya 1569 inasema shahidi akimaliza kuhojiwa asomewe kilichoandikwa, na ana haki ya kuongeza, kufuta, kusahihisha au kubadili.

Kwa hiyo makatekista, nyie ndo mnawaleta hawa mashahidi, mama katoka kijijini, hajawahi kuingia ofisi ya jimbo, anaogopa, akimaliza kuongea anataka kusaini akimbilie gari. Mwambieni kabla hajafika: usisaini mpaka usomewe, na ukisikia neno ambalo hukulisema sema hapohapo, sisi tunaoandika hatutachukia, tukichukia mwambie jaji. Na kama anaeleza vizuri zaidi kwa lugha ya nyumbani aombe mkalimani, sheria inamruhusu.

Haya, naona mikono imeshanyooka. Tuanze na mama wa kitenge cha bluu, alafu kaka wa nyuma yake.