Kuuona moyo wa farasi kutoka ndani

Habari za mchana, wenzangu. Najua wengi wenu hapa kazi yenu ni ng'ombe, mbuzi na punda, lakini leo naomba tumsogelee farasi.

Peleka kiganja nyuma ya kiwiko chake cha kushoto, utausikia moyo ukigonga. Hesabu dakika nzima. Farasi mzima aliyepumzika hukupa mapigo 28 hadi 40 hivi. Akiruka pigo moja kwa mpangilio, usishtuke, kwa farasi aliyetulia hilo ni jambo la kawaida. Lakini ukisikia pigo, kimya kirefu, matatu ya haraka, kimya kifupi, moja, bila mpangilio wowote, shuku mpapatiko wa atiria: vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kujikaza. Zizini anaweza kula na kutembea vizuri kabisa. Siku ya mashindano ndipo anapoishiwa nguvu katikati ya mbio, na mpanda farasi anadhani ni mvivu. Hilo huniuma sana, mnyama kuchapwa kwa ugonjwa.

Basi tunataka kuuona moyo huo. Tukiweka ultrasaundi, kifaa kinachochora picha kwa mawimbi ya sauti, kifuani kati ya mbavu, tunakutana na ukubwa wa mnyama. Farasi wa kilo 500 ana moyo wa kilo 4 hadi 5, nao umefunikwa kwa sehemu na mapafu yaliyojaa hewa, na hewa ni adui wa ultrasaundi. Atiria ya kushoto, ambayo mara nyingi ndiyo tunayoitaka, iko mbali; inabidi tutazame kina cha hadi sentimita 30.

Hapa mnisikilize vizuri. Usiku ngoma ya kijiji cha pili huifikia nyumba yako, lakini filimbi iliyo pembeni yake huisikii. Sauti nzito husafiri mbali. Ndivyo ilivyo kwa ultrasaundi: mawimbi ya megahezi 2 hivi yanafika kina hicho, ila picha yake ni ya ukungu. Mawimbi ya megahezi 5 hadi 10 yanachora hata kingo nyembamba, lakini yanafifia upesi. Ukitaka picha safi, huna budi kusogea karibu.

Kwa hiyo tunaingia. Katheta, yaani mrija mwembamba, yenye kipaza mawimbi kwenye ncha yake ina unene wa milimita 3 hivi, yaani chini ya kalamu mliyoshika. Farasi anasimama ndani ya kizuizi, amepewa dawa ya kutuliza, shingo imenyolewa na kusafishwa, ngozi imetiwa ganzi. Katheta inapita mshipa mkubwa wa shingo, inashuka taratibu hadi atiria ya kulia. Ukiizungusha kidogo unaona vali ya kulia ikifunguka na kufungika, ukizidi kuizungusha unaona ukuta kati ya atiria mbili, na nyuma yake ile atiria ya kushoto iliyokuwa imejificha, pamoja na milango ya vena za mapafu, mishipa inayoleta damu kutoka mapafuni.

Hapo kazi inapanuka. Katika Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, madaktari wa moyo wa farasi wameitumia njia hii kuongoza katheta nyingine, zikiwemo za kuchoma vijisehemu vinavyozusha mapigo mabaya. Pia kuna tiba ya kurudisha mapigo kwa mshtuko wa umeme, ambayo huhitaji ncha za waya zikae mahali sahihi kabla ya farasi kulazwa kwa nusukaputi. Kila tunachoweza kukifanya akiwa amesimama ni faida, kwani nusukaputi kwa farasi ni hatari: hata nje ya upasuaji wa tumbo, takriban mmoja katika mia hufa, na si mezani tu, wengine hufa wakati wa kuamka.

Mapungufu yapo. Katheta hizi zilitengenezwa kwa moyo wa binadamu, hivyo atiria ya farasi haienei katika picha moja. Bei yake ni kubwa. Ncha ikigusa ukuta, moyo huruka mapigo, kwa hiyo usiondoe macho kwenye ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Na uchafu kidogo tu mshipani unaweza kuleta uvimbe na damu kuganda.

Ukimaliza, vuta polepole, bana mshipa kwa kidole dakika kadhaa. Farasi atakuwa ameinamisha kichwa, midomo imelegea. Nyasi mpe baadaye, dawa ikishamtoka kabisa, asije akakwamwa na chakula kooni.